Chaki kwenye Taa Isiyofunguliwa

Kila Jumamosi asubuhi Nukta alikuwa na kazi tatu katika karakana ya baba yake. Ya kwanza ilikuwa kufagia. Ya pili ilikuwa kupanga bisibisi ukutani, kubwa kwa ndogo, kila moja kwenye msumari wake. Ya tatu haikuwa na jina na hakuna aliyemtuma kuifanya. Ilikuwa ni kumsomea baba yake maandishi madogo.

Yalikuwa maandishi ya vitu vya kawaida tu: pakiti ya fyuzi, kitako cha balbu, ratiba kutoka ofisini. Baba alikishika kitu, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu na pua, halafu akasema, "Hebu nisomee hiki, mwanangu. Mikono yangu ina grisi." Nukta alisoma. Wote wawili walijua kwamba grisi ilikuwa inasingiziwa.

Nukta halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa mdogo wa umbo kiasi kwamba alikaa dawati la mbele na bado mwalimu alimtafuta kwa macho. Baba yake alikuwa fundi wa taa wa ukumbi wa mtaa, ule wenye jukwaa, ambako shule na vikundi vya watu wazima vilifanyia maigizo. Kwa miaka kumi na tisa ni yeye aliyepanda ngazi, akafunga taa kwenye mabomba ya darini na kuzielekeza chini. Watu waliotazama igizo waliwapigia makofi waigizaji, wakaenda zao. Fundi wa taa hapigiwi makofi, na yeye alikuwa ameshazoea.

Taa ya jukwaani si balbu ya sebuleni. Ni kopo zito la chuma, kubwa kama ndoo, lina kioo kinene mbele na kifuniko nyuma, na likiwaka hupata moto wa kumbabua mtu. Kwa sababu hiyo karakana ile ilikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote. Taa ikishakaguliwa ndani, aliyeikagua huchora alama ya vema kwa chaki mgongoni mwake. Haichorwi kabla.

"Chaki hii," baba alipenda kusema, "maana yake ni kwamba mimi nimefungua, nimetia mkono, nimeona. Si kwamba nadhani. Si kwamba nimeambiwa." Taa isiyo na chaki haikupanda juu, hata kama wageni wa heshima walikuwa wameshakaa vitini.

Mwaka huo taa za ukumbi zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine, zikabaki nne. Mkuu wa ukumbi, mama mmoja mwenye sauti ya upole na maneno makavu, alimwita fundi ofisini. "Taa mpya hatuziwezi," alimwambia. "Tafuta za mtumba. Ila ziwe nzima, maana shule inaigiza mwisho wa mwezi."

Baba alisikia kwamba upande wa pili wa mji kulikuwa na ukumbi wa dansi uliofungwa. Mwenyewe alikuwa amefariki na mjane wake alikuwa anauza vitu. Wakaenda, baba, Nukta, na msukuma mkokoteni waliyemkodi.

Ukumbi ule ulinuka vumbi na maji ya mvua. Viti vilikuwa vimepandanishwa hadi dirishani, na sakafu ya kuchezea ilikuwa imefumuka mbao. Mjane aliwapeleka stoo akiwa amejifunga shuka mabegani kama mtu mwenye homa. Taa kumi na mbili zilikuwa zimepangwa chini, nyeusi, zote za aina moja, kama mapacha waliozidi idadi.

"Pole sana na msiba, mama," baba alisema.

"Nimeshapoa, mwanangu, kwa vile hakuna njia nyingine." Aliitazama miguu yake kidogo. "Sikiliza. Sitaki kukuuzia kitu huku nakuficha. Moja ya hizi inauma."

"Inauma?"

"Inapiga shoti. Marehemu alikuwa akisema kuna moja usiiguse ikishapata moto. Ni ipi, hakuniambia, na mimi sikumwuliza. Ya nini kumwuliza leo mtu ambaye unajua kesho atakuwepo?"

Baba alitikisa kichwa polepole. "Ahsante kwa kusema, mama. Wengi wangenyamaza. Basi tutazifungua zote kumi na mbili."

Walizichomeka moja moja pale pale, na kila moja iliwaka. Nukta alishangaa. "Zote nzima, baba. Sasa inayouma ni ipi?"

"Taa kuwaka si hoja," baba alimjibu huku akipapasa ukingo wa meza kabla ya kuweka waya. "Taa ikiwa baridi ni kama mgeni siku ya kwanza, haina kosa. Ngoja ipate moto ndipo utaijua tabia yake."

Jumatatu baada ya shule wakaketi karakanani kuzikagua, sita zake na sita za Nukta. Waliziokota kwenye rundo moja bila kuchagua. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Taa ikiwa imechomolewa, unalegeza skrubu mbili za nyuma, unaondoa kifuniko, unatazama nyaya tatu. Ya kahawia na ya buluu zisiwe zimechunika. Ya tatu, ya kijani yenye mstari wa njano, ambayo mafundi huiita ethi, lazima iwe imekazwa kwenye chuma cha taa. Hiyo ndiyo huupeleka umeme ardhini ukitoroka, usije ukapita mwilini mwa mtu.

Baba alifanya kazi uso wake ukiwa umeelekea ukutani. Vidole vyake ndivyo vilivyotazama. Viliingia ndani ya kopo, vikafuata waya, vikavuta kidogo, vikatoka. Kisha chaki.

Nukta alifungua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Zilikuwa salama, akachora alama zake. Ya nne ilikuwa na kibonyeo ubavuni, na skrubu zake zilikuwa zimezibwa na kutu na rangi ya zamani. Alizungusha, bisibisi ikateleza. Akajaribu tena kwa nguvu, ikateleza ikamchuna kiganja.

Wakati huo wenzake wa darasani walipita dirishani. "Nukta, mwalimu ameshafika," mmoja alisema. "Anaanza kuita majina."

Nukta alikuwa na nafasi katika igizo. Alikuwa mjumbe, mwenye maneno kumi na moja tu, lakini alikuwa ameyasema kitandani, msalani na njiani mpaka mama yake akayajua pia. Na mwalimu wa maigizo alikuwa na neno lake: anayechelewa nafasi yake hupewa mwingine.

Aliitazama ile taa yenye kibonyeo, akazitazama mbili zilizobaki. Baba alikuwa amempa mgongo. Zote zimewaka kule kwa mjane, Nukta alijiambia. Na taa ni kumi na mbili, kwa nini inayouma iwe katika hizi tatu? Angeweza kusema, "Baba, hii imenishinda." Maneno matatu tu. Badala yake alichukua chaki akachora vema, vema, vema. Alizichora kwa uangalifu kuliko zile za kweli.

"Nimemaliza, baba."

"Zote sita umezifungua?"

"Zote."

"Na ile inayouma hukuiona?"

"Sikuiona."

Baba alijifuta mikono kwenye suruali taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Na mimi sikuiona kwangu," alisema. "Labda marehemu aliitengeneza kabla hajaondoka." Halafu akavuta taa zake sita akaanza kuzifungua upya, moja baada ya nyingine. "Zako sina wasiwasi nazo. Una macho mapya. Nenda kwenye mazoezi yako."

Nukta alikimbia, akawahi. Na usiku ule alilala fofofo, jambo ambalo baadaye lilimwumiza kuliko mengine mengi.

Alhamisi jioni taa zote zilikuwa juu. Waigizaji walikuwa jukwaani wakifanya mazoezi, na baba alikuwa juu ya ngazi akizielekeza. Taa za jukwaa huelekezwa zikiwa zinawaka, maana huwezi kulenga mwanga usiouona. Zilikuwa zimewaka nusu saa, na joto lake lilifika hadi chini. Nukta alikuwa ameshika fimbo ya mjumbe, ameshasema maneno yake mawili ya kwanza.

Wengi walisimulia baadaye kwamba walisikia kishindo cha ngazi tu. Nukta alisikia kitu kabla ya kishindo. Alimsikia baba yake akisema "Ah," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Kisha ngazi ikalala, na baba akawa chini.

Mkono wake wa kulia, ule wa bisibisi, ulivunjika mahali pawili. Nyonga yake iliumia pia. Daktari alisema kwamba kwa urefu ule watu wengine hawainuki kabisa, na kwamba mkono utaunga lakini hautanyooka kama zamani. Wakamfunga plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko.

Mkuu wa ukumbi alikuja hospitali siku ya pili. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba wake mapajani. "Fundi," alisema, "nitasema kwa sababu nakuheshimu. Wewe huoni."

Mama yake Nukta, aliyekuwa akimenya chungwa, aliacha kumenya.

"Ni kweli," baba alisema. "Sioni vizuri. Huu mwaka wa pili. Nimewaficha nyote."

"Na ile taa iliyokupiga?"

"Ilikuwa na chaki. Mwanangu alikagua zake, na yeye macho yake hayana tatizo. Kwa hiyo ilikuwa moja ya zangu. Nimeishika kwa mikono hii mara mbili na bado nikaipitisha." Akamgeukia mama. "Mama Nukta, funguo za karakana ziko mfukoni mwa shati. Mpe."

Nukta alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika mfuko wenye viatu vya baba yake. Aliona funguo zikitoka mfukoni, zikipita mkono hadi mkono, zikiingia katika mkoba. Funika kombe, sauti moja ilimwambia ndani, mambo yatapita. Akafunika.

Lakini mambo hayakupita. Baba alirudi nyumbani akawa anakaa kwenye kiti kimoja karibu na cherehani ya mama, uso ukutani. Hakuuliza habari za ukumbi. Pakiti ya dawa ilipoletwa aliiweka mezani tu, hakumwomba mtu amsomee. Majirani walikuja kutoa pole, wakakaa, wakaondoka, na walipofika mlangoni walinong'ona kwa sauti ambayo mtu aliyevunjika mkono anaisikia vizuri sana. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Ungesema mapema," mama alimwambia siku moja akiwa anashona. Hakusema kwa ugomvi. "Mficha maradhi, kifo humwumbua."

"Hakijaniumbua bado," baba alijibu. "Kimenipungia mkono tu." Ilikuwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

Nukta, aliyekuwa akifungua kitabu cha hesabu asichokisoma, alihisi kwamba methali ile ilitupwa kwa baba ikampata yeye. Kwenye mazoezi maneno yake kumi na moja yalianza kumtoroka, mara mawili, mara matano. Mwalimu wa maigizo hakumfokea. Alimpa fimbo ya mjumbe mtoto mwingine, na Nukta aliporudi nyumbani alishangaa kuona jambo hilo hata halimuumi. Maumivu makubwa yakikaa ndani, madogo hayapati nafasi.

Siku ya kumi na moja, mkuu wa ukumbi alimtuma akachukue vifaa vya baba yake karakanani. Fundi mpya angekuja Jumatano, naye alikuwa na vyake. Nukta aliingia peke yake. Alizitoa bisibisi ukutani moja moja akazitia kwenye boksi, misumari ikabaki mitupu. Alipoinama kuchukua koleo chini ya meza, akaiona.

Walikuwa wameishusha taa ile wakaitupa kona, imsubiri fundi mpya. Ilikuwa na kibonyeo ubavuni. Skrubu zake zilikuwa bado zimezibwa na kutu na rangi, hazijaguswa na mtu. Na mgongoni ilikuwa na alama ya vema, nzuri, iliyonyooka, iliyochorwa kwa uangalifu.

Alijua tangu siku ya ngazi. Lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Akakaa sakafuni.

Alilamba kidole gumba akaanza kuifuta ile chaki. Ilifutika kirahisi kabisa. Alipofika nusu akasimama, kwa sababu wazo lilikuwa limemjia. Alama ikibaki, baba ni kipofu. Alama ikifutika, baba ni mzembe aliyepandisha taa isiyo na chaki. Kwa vyovyote vile, ni baba. Njia ya kumtoa baba ilikuwa moja tu, nayo ilipitia kwake.

Taa ile ilikuwa nzito kwa mtoto wa umbo lake. Aliikumbatia, akatembea nayo mtaani akipumzika kila baada ya nyumba tatu nne. Mwuza duka alimwuliza anapeleka wapi mzigo unaomzidi. Nukta alimjibu kwamba ni wake.

Alipofika nyumbani aliiweka mapajani pa baba yake bila hata kusalimia. "Baba, ishike."

Baba alishtuka, kisha mkono wake wa kushoto ukaanza kutembea juu ya chuma. Ulipita kwenye kioo, ukapita kwenye kibonyeo, ukafika nyuma. Kidole kikasimama juu ya skrubu. Kikaizunguka. Kikaenda kwenye skrubu ya pili, kikarudi kwenye ya kwanza.

"Hii haijafunguliwa," alisema. "Hii imekula rangi. Haijaguswa miaka na miaka."

"Ndiyo, baba."

"Ndiyo hii iliyonipiga?"

"Ndiyo hii."

"Ina chaki?"

"Ina nusu. Nusu nimeifuta sasa hivi."

Cherehani ya mama ilikuwa imenyamaza. Baba aliuliza, ingawa sasa kila mtu chumbani alikuwa na jibu, "Nani aliiweka?"

"Mimi." Sauti ya Nukta ilikuwa kavu. "Skrubu zilinishinda na nilikuwa nachelewa mazoezi. Na nyingine mbili sikuzifungua. Nilichora tu."

Baba hakupandisha sauti. Alibaki ameikumbatia taa kwa mkono mmoja.

"Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja nimekaa nikivihesabu vidole vyangu, nikijiuliza ni kipi kilichonidanganya."

Nukta angefurahi kupigwa kofi kuliko kuyasikia hayo. Alilia akiwa amesimama, mikono ubavuni, na hakuna aliyemnyamazisha. Mama naye alilia, upande wake, uso katika kitambaa alichokuwa anashona. Mara nyingine nyumba nzima inalia na kila mtu analia peke yake.

Baada ya kitambo baba alisema, "Mama Nukta, niletee mafuta ya cherehani."

Walizitia mafuta zile skrubu wakasubiri. Baba aliibana taa katikati ya magoti, Nukta akaishika bisibisi kwa mikono miwili. Ya kwanza ilitoa mlio, ikalegea. Ya pili ilichukua muda mrefu. Kifuniko kilipotoka, Nukta alitazama akaeleza anachokiona, polepole, bila kuruka kitu. Ethi ilikuwa imekatika, inaning'inia. Waya wa kahawia ulikuwa umechunika, na shaba yake ilikuwa karibu kabisa na chuma.

"Ikiwa baridi havigusani," baba alisema. "Ikipata moto, chuma kinatanuka, kinagusa. Ndiyo maana kule kwa mjane haikuonekana." Aliipapasa ile shaba. "Yule mama alitwambia kweli. Tulikosa mtu wa kweli upande wetu tu."

Kesho yake walikwenda ofisini kwa mkuu wa ukumbi, baba akiegemea bega la Nukta. Baba alitaka kuanza kusema, Nukta akamwomba amwache. Akasema yote, tangu chaki ya kwanza ya uongo hadi ile nusu aliyoifuta.

"Kwa nini hukusema hospitalini?" mkuu wa ukumbi aliuliza. "Ulikuwepo. Nilikuona na viatu."

"Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa," Nukta alisema. "Lakini baba alikuwa haiamini tena mikono yake."

Mkuu wa ukumbi alimtazama fundi. "Hilo linaondoa kosa moja. Macho bado yako pale pale."

"Macho ni yangu, na mzigo wake naubeba mwenyewe," baba alisema. "Mtoto alidanganya siku moja. Mimi nimedanganya miaka miwili. Ningesema sioni, ungetuletea fundi wa kunisaidia, nisingempa mtoto nusu ya kazi ya mtu mzima. Sitapanda ngazi tena. Lakini vidole vyangu havikukosea, na hilo nataka liandikwe."

Mkuu wa ukumbi hakuandika kitu. Alifungua mkoba wake, akatafuta kwa muda, akaziweka zile funguo mezani. Fundi mpya angekuja kama ilivyopangwa, alisema, apande ngazi. Wa zamani angekaa chini kwenye swichi, amwongoze. Na igizo lingesogezwa mbele wiki mbili. Masharti yake yalikuwa mawili: baba aende kwa daktari wa macho wiki ile ile, na taa zote kumi na mbili zifunguliwe upya.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, katika macho yote mawili. Yangeweza kufanyiwa upasuaji, jicho moja kwanza, lakini foleni ilikuwa ndefu. Angeitwa baada ya miezi mitatu. Kama angekuja mwaka uliotangulia, daktari alisema, sasa angekuwa anasoma gazeti. Baba alishukuru akatoka.

Nukta alizifungua taa zote na fundi mpya, kijana mpole aliyekuwa akimwita "mkaguzi" kwa utani. Ile ya kibonyeo ilifungwa nyaya mpya. Kati ya zile mbili nyingine alizokuwa amezidanganyia, moja ilikuwa salama. Ya pili ilikataa. Waliitia mafuta siku tatu, skrubu ikaliwa kichwa, kifuniko hakikutoka. Nukta alizichora alama kumi na moja. Ya kumi na mbili aliiweka chini ya meza, mgongo mtupu.

Siku ya igizo ukumbi ulijaa. Baba alikaa pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia, mkono wa kulia kwenye kitambaa kilichoning'inia shingoni, wa kushoto juu ya swichi. Nukta alikuwa amesimama kando yake na karatasi inayoonyesha taa ipi iwake wakati gani. Jukwaani mtoto mwingine alikuwa ameshika fimbo ya mjumbe. Nukta aliyajua maneno yale yote kumi na moja, na safari hii hakuna hata moja lililomtoroka.

Mkuu wa ukumbi alikuja akachungulia. "Kona ile ya kushoto mbona giza?"

"Taa yake iko karakanani," Nukta alijibu. "Imenishinda kufungua. Sijaona ndani yake."

Mkuu wa ukumbi aliitazama ile kona, akamtazama mtoto, akarudi kitini kwake.

Baba alisubiri mpaka hatua zake zilipopotea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umesikia ulivyosema? Hayo ndiyo maneno yaliyotushinda wote wawili. Mtu akisema 'sijaona' au 'siwezi', ataaibika kidogo, na pengine kona moja itabaki giza. Lakini akisema 'nimeona' na hajaona, gharama yake atailipa mwingine, na mara nyingi ni yule aliyemwamini. Chaki inafutika kwa kidole, Nukta. Mkono wangu hautanyooka. Sikuambii ili ulie. Nakuambia ili siku nyingine ukishika chaki, ukumbuke."

"Nitakumbuka, baba."

Jukwaani mjumbe alikuwa anakaribia mwisho wa maneno yake. Baba aliusogeza uso wake kwenye karatasi, akaurudisha nyuma. Nukta alisubiri asikie habari za grisi, kama siku zote.

"Nisomee inayofuata, mwanangu," baba alisema. "Sioni."

"Ya nne na ya tano, baba. Pamoja. Polepole."

Mkono wa kushoto ukapanda juu ya swichi, na kule jukwaani pakaanza kupambazuka.